Ni Mimi Ninakwenda Kusoma, ao Ni Weye Unarudi?

Leo nataka kuwaeleza habari ya karatasi moja. Ilikuwa karatasi ndogo, nusu ya ukurasa wa daftari. Binti yangu aliileta nyumbani, kwetu upande wa Kabambare, mwezi wa 6 mwaka 2024, wakati alikuwa anamaliza kalasi ya 8. Juu kuliandikwa jina lake. Chini kuliandikwa: mutoto achague option, muzazi atie sahihi.

Mimi ni enfirmie. Kila siku natia sahihi kwenye karatasi: fishi za wagonjwa, ripoti za dawa, barua za kutuma mugonjwa Kasongo kwenye hospitali kubwa. Mukono wangu umezoea. Lakini karatasi ile ilikaa juu ya meza siku tisa, imelaliwa na taa, na sikuweza kuigusa. Mama watoto akaniuliza, "Baba, karatasi hii ina nini?" Nikamujibu, "Ina maisha yangu ndani."

Kwa nini karatasi hii ni nzito

Binti yangu anataka kuwa munganga. Ninamuita Mama, maana amebeba jina la mama yangu muzazi. Tangu miaka tisa ananifuata kwenye kituo cha afya, anashika taa, anahesabu vidonge. Watu wanacheka, wanamuita "dokta". Mimi pia nilikuwa nacheka. Lakini siku karatasi ilipofika, sikucheka tena.

Vijana, sikilizeni vizuri jambo hili, maana wengi wanalijua wakati wamekwisha kuchelewa. Mutoto wa shangazi yangu anaishi Marekani. Alikimbia vita, akapita miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha wakamupeleka kule. Yeye ananieleza kama kule kijana anamaliza sekondari, anaingia chuo miaka mine, anachagua somo lake kubwa, na ni nyuma ya miaka ile mine ndipo anaomba kuingia masomo ya uganga, miaka mine ingine. Mutu anaweza kuwa alisoma historia ao muziki, kisha akaingia uganga. Kitu kimoja tu: lazima awe alipita pia katika kozi za kimia, za biolojia na za fizike, na ashinde mutihani wao mukubwa wa kuingia.

Kwetu Congo siyo hivi. Kwetu mutu anatoka humanite na kuingia moja kwa moja fakilte ya uganga. Hakuna miaka mine ya katikati ya kujitafuta. Kwa hiyo uchaguzi ule kijana wa Marekani anafanya akiwa na miaka 18 ao 20, mutoto wetu anaufanya akiwa na miaka 14, kwenye nusu ya karatasi, na mara nyingi ni umbali wa masomo ndio unachagua pahali pake.

Zamani tulichagua nyuma ya mwaka wa pili wa sekondari. Leo inaitwa kalasi ya 8, na mutoto anapita pale mutihani wa inchi muzima wa kumuonyesha njia, ule wanaita TENASOSP. Majina yamebadilika. Uzito ni ule ule.

Habari yangu mwenyewe

Nilizaliwa mwaka 1982. Wakati wangu wa kuchagua, vita vilikuwa vimepita mara moja na vilikuwa njiani kurudi. Shule ya karibu ilikuwa na Pedagojia tu. Baba akasema, "Soma hapa, ninakuona kwa macho yangu." Hakukosea. Mwaka 1998 vita vilirudi, na wazazi wengi walitafuta watoto wao waliokuwa mbali bila kuwaona. Mimi nilikuwa nyumbani, hai. Mpaka leo ninamushukuru baba yangu kwa neno lile, na neno lile lile lilinifungia mulango.

Dada yangu, yule aliyenibeba mugongoni nikiwa mudogo, alikufa mwaka 2003. Mimba ilikuwa imekomaa, mutoto alikaa vibaya. Tulimubeba kwa tipoyi, vijana wanane tukipokezana, tukielekea Kasongo. Kutoka kwetu mpaka Kasongo ni zaidi ya kilomita 100. Usiku wa pili akaniomba maji. Nilipomuletea, hakuweza tena kuyanywa. Tulimuzika njiani, yeye na mutoto tumboni. Pale, mikono yangu ikiwa bado na udongo, nilisema moyoni: nitakuwa munganga.

Mwaka 2005 nilipata diplome ya Serikali katika Pedagojia, tena asilimia nzuri. Jamaa wakachanga, wengine kuku, wengine mupunga, nikafika katika universite moja ya Mashariki, fakilte ya uganga. Nilifikiri mapenzi yatatosha.

Siku ya kwanza ya kimia, profesa aliandika ubaoni alama nyingi. Wenzangu walitikisa vichwa kama watu wanaosikia wimbo wa nyumbani. Mimi niliandika tu. Kwa Pedagojia nilisoma namna ya kufundisha mutoto, saikolojia, kuandaa somo. Ni elimu nzuri, na walimu tunawahitaji sana. Lakini kimia yangu ilikuwa ya saa chache kwa juma, bila chupa moja ya kufanya majaribio. Nilisoma usiku kwa mushumaa mpaka macho yakawaka. Nikapata 4 juu ya 20. Mwaka wa pili nikarudilia kalasi ile ile, nikapata 7. Mwaka 2007 nikafunga sanduku.

Kurudi nyumbani kulikuwa kugumu kuliko kuanguka. Watu waliokula njaa juu yangu walinisalimia vizuri, hakuna aliyeniuliza kitu. Kunyamaza kwao ndiko kulinichoma. Kisha nilisoma uenfirmie miaka mitatu, nikamaliza, na tangu mwaka 2011 ninavaa bluzi nyeupe. Ninaipenda kazi yangu. Lakini ile 4 juu ya 20 ilibaki kwangu kama musumari ndani ya kiatu.

Kimia ilinirudilia kwa njia ya dawa

Niwaeleze kitu kidogo ili muone kama masomo haya siyo ya kujivuna tu. Mutoto wa kilo 10 anafika na malaria kali, anatetemeka na kupoteza akili. Tunamuchoma artesunate. Katika kichupa kuna unga wa miligramu 60. Kwa mutoto aliye chini ya kilo 20 tunahesabu miligramu 3 kwa kila kilo. Basi kilo 10, miligramu 30.

Lakini unga ule hauyeyuki vizuri katika maji matupu. Kwanza unatia mililita 1 ya bikarbonate, unatikisa mpaka inakuwa safi, kisha unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi. Sasa iko na miligramu 10 kwa kila mililita, kwa kukadiria. Mutoto wetu anapata mililita 3.

Kwa nini bikarbonate? Kwa sababu unga ule ni asidi, na bikarbonate inaugeuza kuwa chumvi inayoyeyuka majini. Siku nilipoelewa hivi nilikuwa na miaka 33, niko peke yangu kwenye meza ya dawa, saa ine ya usiku. Nikacheka, kisha machozi yakanitoka. Ni somo lile lile lililonifukuza universite. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba lilikuwa linazungumza juu ya mutoto mugonjwa.

Maneno katika jamaa

Sasa rudini mezani, kwenye karatasi. Masomo yale binti yangu angeweza kufika kwa miguu yalikuwa na Pedagojia na Komerse. Option ya sayansi ilikuwa Kasongo, na Kasongo maana yake ni kulala kwa shangazi yake, ni malipo ya masomo kila muhula, ni njia ile yenye matope na mara zingine yenye watu wa bunduki. Masomo ya primeri yalitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini sekondari muzazi analipa.

Mudogo wangu, anayechimba zahabu upande wa Salamabila, akaja kutusalimia. Akasema, "Yaya, hesabu vizuri. Humanite miaka ine, uganga miaka sita ao zaidi. Ni miaka kumi. Mutoto mwanamuke, miaka kumi! Weye mwenyewe ulikwenda, ulirudi na nini?"

Mama watoto naye hakulala. "Siogopi masomo, naogopa njia," akasema. "Wakimukamata porini, diplome itanifaa nini?"

Ndugu wasomaji, siwezi kuwadanganya kwamba maneno haya ni ya ujinga. Ni maneno ya watu wanaopenda. Baba yangu alisema vile vile, na ninaishi.

Nilikwenda kuuliza

Kabla ya kukata shauri, niliomba ruhusa siku ine, nikapanda pikipiki mpaka Kasongo. Nilizungumza na mukubwa wa masomo moja na na munganga moja kijana. Haya ndiyo niliyoyaleta, nawagawia bure.

Kwanza: diplome ya Serikali ya option yoyote inaweza kukufungulia universite, lakini haikubebi ndani. Mutihani wa Serikali, Exetat, ulianza mwaka 1967, na mutu anashinda kuanzia asilimia 50. Fakilte ya uganga inaweza kuomba asilimia kubwa zaidi, ao kufanya mutihani wake wa kuingia. Kila universite ina sheria yake. Uliza ile unayotaka, miaka miwili mbele, siyo juma moja mbele.

Pili: mwaka wa kwanza wa uganga haukungojei. Kimia, fizike, biolojia, hesabu, vyote vinaanza siku moja kama mvua. Aliyetoka sayansi anafika na muavuli. Aliyetoka Pedagojia ao Komerse anaweza kufika, na wako waliofika, lakini lazima ajue kama ataloba, na atafute vitabu vya sayansi tangu mwaka wa tatu, siyo siku ya kufunga sanduku.

Tatu: wale waliosoma Latini na Filozofi siyo waliopotea. Majina mengi ya magonjwa na ya viungo yametoka katika Latini na Kiyunani. Lakini wao pia wanahitaji kujijaza katika kimia na hesabu.

Ine: Kifaransa. Munganga yule kijana alisema neno hili kwa nguvu: "Papa, wengi hawaangushwi na kimia. Wanaangushwa na ulizo la kimia ambalo hawakulielewa." Kozi ni kwa Kifaransa, mitihani ni kwa Kifaransa. Mutoto asiyesoma hata ukurasa moja wa kitabu kwa siku, hata kama anajua kuhesabu, atapotea.

Tano: tangu mwaka wa masomo 2021-2022, universite za inchi yetu zimeingia katika mupango unaoitwa LMD. Kozi zinahesabiwa kwa kredi, 60 kwa mwaka. Ni vizuri kijana aelewe hesabu hii kabla ya kuingia, asije kushangaa kwamba anadaiwa kozi za mwaka uliopita.

Kasongo yenyewe ni shule

Wakati nilikuwa nangoja pikipiki ya kurudi, nilikaa karibu na hospitali, nikafikiri. Watu wa nje wanajua Kasongo kwa sababu ya Tippu Tip na vita vya 1893. Wachache wanajua kwamba waganga wa dunia wanaijua Kasongo kwa sababu ingine.

Tangu mwaka 1971, waganga waliokuja pamoja na chuo cha magonjwa ya inchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi hapa na wenyeji. Walijiuliza: namna gani hospitali moja inaweza kuwafaa watu wengi namna hii, wanaokaa mbali? Wakapanga vituo vya afya karibu na vijiji, enfirmie akiwa pale kila siku, na hospitali ikabaki kwa yale kituo hakiwezi. Walihesabu kila kitu. Mwaka 1981 waliandika katika The Lancet, gazeti kubwa la waganga, juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wa miezi 7 mpaka 35. Walitaka kujua kama mutoto aliyeokolewa na surua anaendelea kuishi kweli, ao ugonjwa mwingine unamungojea mbele. Ulizo gumu, na lilitoka hapa kwetu. Kazi kama ile ya Kasongo ilisaidia kutoa mufano wa zone za afya. Leo inchi yetu ina zone 519, na katika hizo Maniema ina 18.

Nikaona mambo mawili. La kwanza: uganga siyo kisu na sindano tu. Ni kuhesabu pia. Kijana anayependa takwimu, anayependa dawa, anayependa maabara, ana nafasi katika nyumba ya afya. La pili: mimi enfirmie wa kijijini siyo munganga aliyeanguka. Mimi ni nguzo ya mupango uliotengenezwa kwa akili, hapa hapa. Nilikuwa na miaka 42 wakati niliposimama vizuri juu ya kazi yangu.

Hata wakubwa walibadili njia

Vijana wengi wanajua jina la Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepata zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018. Baba yake alikuwa muchungaji, na mutoto alimufuata kwenda kuombea wagonjwa. Aliona kama maombi yalitolewa lakini dawa haikutolewa, akataka kuwa yeye yule wa kutoa dawa. Mwaka 1974 alipata diplome katika Biochimie. Je, akaenda moja kwa moja kwenye uganga? Hapana. Alipita kwanza miaka miwili Kinshasa, katika masomo ya uenjinia. Ni mwaka 1976 ndipo aliingia uganga, huko Burundi. Kisha Lemera, kisha Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake na uzazi, na mwaka 1999 hospitali ya Panzi.

Ninawaambia haya si kwa sababu kila mutoto atakuwa Mukwege. Ninawaambia kwa sababu miaka ile miwili ya Kinshasa haikumuua. Alikuwa na sayansi mukononi, na kwa sababu hiyo aliweza kugeuka. Option nzuri siyo ile inayokupeleka pahali pamoja tu. Ni ile inayokuachia nafasi ya kugeuka.

Ulizo la binti yangu

Nilirudi Kabambare nikiwa na moto. Jioni ile ile nilitoa katika sanduku daftari langu la kimia la mwaka 2005, limekuliwa na mende pembeni. Nikaanza kumufundisha. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Aliposinzia nilimuamusha. Alipokosea nilipiga meza.

Siku ya ine aliweka kalamu chini. Akaniangalia polepole, kwa heshima, kama vile mama yangu alivyokuwa anaangalia mutu anayesema uongo bila kujua. Akasema, "Baba, samahani. Nina ulizo. Ni mimi ninakwenda kusoma, ao ni weye unarudi?"

Sikuwa na jibu. Nilitoka nje. Mwezi ulikuwa mukubwa. Niliona nilikuwa tayari kumutuma mutoto wangu katika njia ya hatari, kuuza mbuzi za mama yake, kuvunja usingizi wa nyumba nzima, ili aende kufuta 4 juu ya 20 yangu. Nilikuwa sijamuuliza hata mara moja kama anapenda kimia.

Asubuhi nilimuita. Nikamuomba musamaha. Ndiyo, wazazi, baba anaweza kuomba musamaha kwa mutoto, na nyumba haianguki. Nikamuambia yote: dada yangu, tipoyi, universite, sanduku. Nikamuambia pia habari ya njia na ya feza, bila kuficha. Kisha nikamupa karatasi: "Andika weye."

Alikwenda kukaa chini ya muembe. Alikaa muda mrefu mpaka nikafikiri amelala. Aliporudi, alikuwa ameandika neno moja: Sayansi. Lakini kabla ya kunipa akaishika kwa mikono miwili. "Baba, kama nikifika mbele nikaona ninapenda hesabu kuliko wagonjwa, utaniacha?"

Nikamujibu, "Nitakuacha."

"Na kama nikianguka, nitarudi nyumbani, watu watanisalimia na kunyamaza?"

Nikamuambia, "Mimi sitanyamaza. Nitakuuliza ulianguka wapi, na tutaangalia pamoja."

Hapo nikatia sahihi.

Namna tulivyofanya

Tuliuza mbuzi ine na kinga yangu. Mama watoto alikubali kwa sharti moja: mutoto hasafiri peke yake, na hasafiri wakati habari za njia ni mbaya, hata kama masomo yamefunguliwa. Sharti hilo limemupotezea majuma mawili mwaka uliopita. Hatukujuta.

Usiku wa mwisho mudogo wangu alipita. Hakukaa. Alitoa mufukoni zahabu kidogo, imefungwa katika karatasi ya sigara, akaiweka mezani pahali ile karatasi ingine ilikuwa imekaa siku tisa. Nikamuambia, "Ulisema miaka kumi ni mingi." Akajibu, "Ni mingi. Lakini siku ile mimi pia nilikuwa nabeba tipoyi, Yaya." Akaenda zake.

Leo binti yangu yuko mwaka wa pili wa humanite, Kasongo. Biolojia anaenda vizuri. Kifaransa anasoma ukurasa moja kila jioni, shangazi yake akiwa mushahidi. Kimia alipata 11 juu ya 20. Siyo mingi kwa mutu anayetaka uganga, na mbele kuna Exetat, kuna universite, kuna feza ambazo sijui zitatoka wapi. Siwaambii kwamba atafika. Lakini aliniandikia ujumbe kwa telefone ya shangazi: "Baba, kimia inanisumbua, lakini ninajua pahali inanisumbulia. Ni kwenye asidi na chumvi."

Nilimurudishia jibu usiku ule ule, nikiwa kwenye meza ya dawa. Nilimueleza habari ya kichupa cha miligramu 60, na ya mililita moja ya bikarbonate.

Maulizo ya kuzungumza katika jamaa

1. Mutoto wetu wa kalasi ya 7 ao ya 8 anapenda somo gani? Tulimuuliza yeye mwenyewe, ao tulijibu pahali pake?

2. Option gani ziko karibu na kwetu, na zile za mbali ziko wapi? Nani katika jamaa anaweza kupokea mutoto vizuri?

3. Sisi wazazi, ni kitu gani kilitushinda zamani? Je, tunakibebesha watoto wetu bila kujua?

4. Mutoto akianguka na kurudi nyumbani, tutamupokea kwa neno gani?